Mtori haumo katika vinywaji: kipimo changu cha utumbo mpana

Nina vidonda vya utumbo mpana, ule ugonjwa ambao madaktari huuita kolaitisi ya vidonda, tangu mwaka 2013, na kwa miaka mingi nilimeza vidonge vya mesalazini nikaendelea na shughuli zangu hapa Moshi. Kilichonikera ni watu wazima wenye akili zao, akiwamo jirani mmoja aliyewahi kufanya kazi ya afya, waliosisitiza kwamba asiyetokwa damu wala kuumwa tumbo hana haja ya kuingiziwa kamera ya kukagua utumbo kupitia njia ya haja kubwa. Displasia, yaani seli za ukuta wa utumbo kuanza kuharibika kabla hazijawa saratani, haina maumivu ya kumshtua mtu, na ndiyo maana sisi ambao ugonjwa umeenea eneo kubwa la utumbo hutakiwa kuanza kukaguliwa takribani miaka 8 tangu dalili za kwanza. Mimi, kwa kuwasikiliza, nilichelewa miaka miwili.

Safari ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Niliagizwa siku ya mwisho nitumie vitu vya majimaji tu, na shangazi yangu, kwa huruma, akanipikia mtori mwepesi, ile supu ya ndizi, akauchuja mara mbili kwa chujio la chai, nami nikanywa vikombe vitatu bila wasiwasi wowote. Asubuhi muuguzi akaniuliza, “Baba, jana ulikula nini?” Nikamjibu kwa kujiamini, “Sikula kitu, dada, nilikunywa mtori.” Akaweka kalamu mezani, akanitazama kwa muda. Daktari alijaribu, lakini kamera haikwenda mbali kabla ya kukutana na ndizi za shangazi, ikatolewa. Laki kadhaa zikawa zimekwenda, na hesabu kamili sijawahi kuifanya.

Mara ya pili nilikunywa chai ya rangi na maji tu. Ile dawa ya kusafisha tumbo, ambayo ladha yake ni ya maji ya bahari yaliyotiwa sukari, niliigawa nusu jioni na nusu alfajiri kama nilivyoelekezwa, nikaipooza kwenye barafu, nikainyonya kwa mrija uliofika nyuma kabisa ya ulimi, na kila baada ya glasi nikalamba kipande cha ndimu. Ujanja huo ni wangu, na ninajivunia.

Vinyama vidogo vya ukuta wa utumbo vilichukuliwa kupimwa, majibu yakarudi kwamba maabara hawana uhakika kama ni displasia, kwa kuwa utumbo uliovimba huweza kuzifanya seli zionekane kana kwamba zina displasia. Nyumbani kukawa kama matangani. Daktari yeye aliongeza dawa ya kutuliza uvimbe, akanipa miezi mitatu, kisha akarudia kipimo akinyunyizia rangi ya bluu ya methilini. Nikiwa nusu usingizini niliona kwenye skrini ukuta wote umekuwa bluu, isipokuwa sehemu moja ndogo iliyoinuka, ambayo mistari yake haikufuatana na ya jirani zake. Aliikata yote na kuchukua vinyama pembeni yake. Wataalamu wawili wa patholojia, wanaochunguza vinyama kwa darubini, walivisoma, kila mmoja kwa wakati wake, wakakubaliana kuwa ni displasia ya daraja la chini na kwamba kingo za palipokatwa zilikuwa safi. Nitarudi baada ya miezi sita.

Jioni ile mkojo wangu ulitoka wa kijani, na kwa kuwa hakuna aliyenitahadharisha kwamba ile bluu ya kipimo ingetokea kwenye mkojo, nilimwita mke wangu chooni tukasimama kuutazama.