Chimay ya mu pipa, na fromaji ya Masisi pembeni

Chimay ya bleu, ile pombe ya Ubelgiji yenye banaita Grande Réserve, kuna batu hapa Goma banaijua, unaikuta siku moja moja mu alimantasio fulani ya Himbi, bei juu, vumbi juu ya chupa. Lakini ile yenye banalalisha mu mapipa ya mti mbele ya kuiweka mu chupa, ile sikukuwa nimeiona mu hii muji. Yaya wangu mwenye anaishi Ubelgiji njo aliileta, ilishukia Kigali, ikavuka Grande Barrière, mupaka wetu na Rwanda, mu valizi katikati ya manguo, chupa ya sentilita 75 yenye kizibo cha lieji na waya juu, na tangu aniambie iko njiani nilikuwa nasoma kila kitu juu yake, ju nilitaka nikiinywa nijue niko nakunywa nini.

Tuanze na nguvu. Primus, pombe yetu ya kila siku, iko kwa asilimia 5 hivi, Chimay ya bleu iko 9, hii ya pipa iko 10.5, karibu divai kabisa. Mutu mwenye alizoea kumaliza Primus kubwa peke yake asifikiri hii ataifanya vile vile. Sisi tulikuwa bane kwa ile chupa moja na ilitosha.

Sasa ile kazi ya mapipa. Batrapisti, bale bamonaki ba monasteri ya Scourmont, kule kusini mwa Ubelgiji karibu na mupaka wa Ufaransa, banapika pombe tangu 1862, na chachu yao njo ile yenye Père Théodore alichagua kisha vita ya pili ya dunia, akisaidiwa na profesa Jean De Clerck wa Louvain. Hii ya mapipa ni ya juzi tu, ilianza kutoka 2015. Pombe inachacha kwanza mu matanki, inaingia mu pipa inachacha tena, kisha inaenda mu chupa na kule pia inaendelea kuchacha. Mapipa inabadilika kufwatana na mwaka, kuna yenye ilikuwa na konyaki, kuna ya wiski, ya kwetu ilikuwa ya rumu. Batu bengi banafikiri ladha inatoka paka mu ile rumu yenye ilibakia, na kweli iko, lakini mti wenyewe unafanya kazi kubwa zaidi. Mwaloni ukichomwa ndani na moto unatoa vanilini, ni ile ile yenye inapatikana mu vanila yenye batu ba Beni na Butembo banalima, na tena unatoa kitu yenye inanusa nazi. Halafu mbao inapitisha hewa kiloko kiloko, pombe inatulia, ukali unapungua, njo maana unakunywa kitu ya 10.5 na haikuchomi koo.

Niliitoa mu frigo mapema, nikaiacha juu ya meza. Hapa kwetu pombe isipokuwa baridi kabisa batu banairudisha, mi pia Primus naipenda vile, lakini hii baridi inaifunga mudomo, inatakiwa ikae kwa digri 10 ao 12 hivi. Rangi ni kahawia nzito, ukiiweka mbele ya taa unaona wekundu pembeni, povu yake ya rangi ya kahawa ya maziwa. Harufu ya kwanza ni rumu, zabibu kavu, vanila. Ukiinywa unapata karameli, maganda ya mukate, tunda yenye imeiva sana, kisha kule mwisho mti unakuja, unakausha ulimi kama chai yenye ilikaa sana na majani. Ile kukauka njo niliipenda kuliko vyote, ju bila yenyewe ingekuwa sukari tupu. Kitu yenye sikupenda sana: mwanzoni rumu iko juu, inafunika yale maviungo ya chachu yenye inafanya Chimay ikuwe Chimay. Kisha nusu saa mu glasi ikarudi yenyewe, maviungo ikatoka, na pale nikaelewa kwa nini banaifanya.

Pembeni nilikata fromaji ya Masisi, ile ya muviringo ya maziwa ya ngombe, na hapo njo ninataka muniamini. Mafuta ya fromaji inashika ule ukavu wa mti, chumvi yake inaamusha karameli, yaani kila kimoja kinakuwa kitamu zaidi juu ya kingine. Brosheti tulijaribu pia, hapana, pilipili inaharibu yote.

Baba mudogo, mwenye alikulia Masisi, alikuwa anageuza ile chupa anasoma. Akaniuliza, "Scourmont, si ni ya bale bamonaki ba Mokoto?" Ni ya bale bale, muzee. Monasteri ya Mokoto ilianzishwa 1954 na batrapisti benye balitoka Scourmont. Vita ya 1996 ilibafukuza kule, njo bakafika hapa Goma, Keshero, na batu bengi benye banapita Keshero kila siku habajui ile nyumba ya bamonaki inatoka wapi. Baba mudogo alikuwa anakumbuka Mokoto na ziwa yake na ngombe, akazungumza sana, glasi yake ikakaa, na kumbe njo ilikuwa namna ya kuinywa. Aliporudia kuonja akasema, "Mutoto yangu, hii imebadilika."

Akanikumbusha pia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na ule muvure wa mti wenye bazee banakamulia ndizi. Kasiksi inalala siku chache tu, mti haupati wakati wa kuingia mu pombe. Ningependa sana mutu mwenye anajua kazi ya kasiksi ajaribu siku moja kuiweka mu kapipa kadogo, ya mti wa hapa hapa, miezi kiloko, tuone. Inaweza kugeuka siki, najua, lakini ndizi na mti naamini binaweza kusikilizana.

Yaya nimemwandikia asitafute tena ya rumu. Atafute ya konyaki, nafikiri itaacha nafasi kwa maviungo tangu mwanzo. Fromaji hatuna haja ya kuagiza.