Oktoba haimsubiri mwanafunzi wa Access

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye harusi huko Reading. Nimeinamia sahani yangu ya pilau, dada mmoja wa Mombasa akaja kunivuta mtandio. "Dada, nasikia wasoma udaktari. Hebu nambie ukweli, mie nna thelathini na nne. Naanzia wapi?" Spika ilikuwa sikioni petu, bi harusi ndiyo kwanza anaingia, nikashindwa kumjibu. Nikamwambia nitaandika nilivyopitia Access, kozi ya watu wazima ya kuingilia chuo kikuu. Basi haya ni yako, dada, na ya wengine mnaonitumia ujumbe saa nane za usiku mkiwa kwenye mapumziko ya zamu.

Kwanza mnijue. Nilimaliza Form Six Tanga mwaka 2005, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia, baiolojia), nikapata Division Three. Kwa Three ile, Muhimbili, chuo cha udaktari cha Dar, niliijua kwa kupita na daladala tu. Mwaka 2010 nikamfuata mume wangu Uingereza, nikabeba boksi kama tulivyobeba wote: ghala la nguo, usafi wa ofisi saa kumi alfajiri, nyumba ya wazee, mwisho hospitalini kama msaidizi wa wauguzi, wodi ya wazee, zamu za usiku. Miaka minane nilikuwa nawageuza watu kitandani, nawapima presha, nawaandikia walichokula, halafu asubuhi daktari anapita na kuuliza, "Amelalaje?" Nikawa najibu vizuri. Siku moja daktari mmoja kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho, akaniuliza mbona sikusomea. Nikacheka. Nyumbani sikucheka.

Mshauri wa kwanza niliyemwendea alinitazama, akatazama cheti changu cha NECTA, baraza letu la mitihani, akanipa kipeperushi cha uuguzi. Sikuuliza kuhusu uuguzi. Uuguzi ni kazi kubwa, nimeuona kwa macho yangu, lakini mtu akienda dukani kununua mchele usimfungie maharage. Nikamshukuru, nikaondoka, kipeperushi nikakiacha kwenye kiti cha basi.

Sasa Access yenyewe. Ni diploma ya mwaka mmoja kwa watu wazima walioacha shule zamani, inatolewa kwenye vyuo vya mitaa hapa England. Ina krediti 60. Kati ya hizo, 45 zinapewa daraja: Pass, Merit au Distinction. Vyuo vya udaktari havitaki Pass. Vingi vinataka Distinction kwenye krediti nyingi, vingine karibu zote. Na siyo kila Access inakubaliwa. Kuna Access ya uuguzi, ya ualimu, ya sheria. Wewe unataka yenye baiolojia na kemia nzito, na kabla hujajiandikisha waandikie vyuo vya udaktari unavyovitaka, uwaulize kwa jina la kozi na jina la chuo. Majibu yao yahifadhi. Jirani yangu alisoma mwaka mzima ndipo akaambiwa kozi yake haimo kwenye orodha yao.

Kabla ya Access kuna GCSE, mtihani wa sekondari wa hapa, mfano wa Form Four yetu, ya Kiingereza na Hesabu. Hapa ndipo wengi wetu tunakwama kwa kiburi. "Mimi nina Form Six, nikakae na vitoto nisome Kiingereza?" Kaa. Cheti cha nyumbani unaweza kukipeleka wakakilinganisha (zamani ofisi ile iliitwa NARIC, siku hizi ENIC), ukapewa karatasi nzuri yenye nembo, na bado chuo kimoja kikaikubali na kingine kikaikataa. Mimi nilifanya mitihani yote miwili mwaka 2019, masomo ya jioni, bila kulipa senti, maana mtu mzima asiye na GCSE hizo husomeshwa bure. Darasani walikuwamo Wasomali, Wapolandi, na bibi mmoja Mwingereza wa miaka 61 aliyetaka tu kuwasaidia wajukuu homuweki. Yule bibi alinishinda kwenye Hesabu.

Corona ikaja, wodi ikageuka jinsi mnavyojua, sitaki kuyarudia. Septemba 2021 nikaingia Access nikiwa na miaka 36.

Wiki ya pili tulifanya taitresheni, ile ya kutia kemikali tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Nikajisemea hii naijua, nimeifanya kwenye maabara ya Tanga tukiwa watu watano kwa bureti moja. Nikashika pipeti, nikaipeleka mdomoni nivute. Sisi si ndivyo tulivyofundishwa? Unavuta kwa mdomo, unaziba na kidole, ukimeza asidi kidogo ni bahati yako. Mwalimu alipiga kelele darasa zima likageuka. Akaja mbio na kile kipira cha kufyonzea, uso umemwiva. Nikaeleza kwamba kwetu ndivyo tulivyofanya. Akanyamaza, akasema, "Na mko hai?" Lakini rangi ilipogeuka pinki kwa tone moja, tone moja tu na ikabaki, nilikuwa wa kwanza darasani. Mkono haukusahau.

Huo ndio utamu wenyewe. Uchungu ni kalenda.

Maombi ya udaktari yanafungwa 15 Oktoba, saa 12 jioni. Mwaka ule Access yangu ilianza wiki ya kwanza ya Septemba. Fanya hesabu. Mwalimu aliyenijua kwa wiki tano ndiye aliyetakiwa kuandika barua ya kunidhamini na kutaja alama anazotarajia nitapata Juni. Alikuwa amesahihisha kazi yangu moja. Moja! Na hata kabla ya hapo kuna UCAT, mtihani wa kompyuta wa kuwachuja waombaji wa udaktari, ambao hufanywa kati ya Julai na Septemba, yaani kabla hujakanyaga darasa au ndiyo kwanza umelikanyaga. Sehemu ya kusoma ilikuwa na maswali 44 kwa dakika 21. Chini ya nusu dakika kwa swali, Kiingereza cha magazeti, juu ya mada usizozijua, kwenye chumba cha kompyuta chenye ubaridi kama jokofu. Mimi nilitoka zamu ya usiku Jumapili, mtihani Jumatatu. Nikapata 2,390 kwenye 3,600, na kwenye sehemu ya maadili wakanipa bendi ya tatu kati ya nne, ya kwanza ndiyo bora. Matokeo hayo ni ya mwaka huohuo tu. Mwaka unaofuata unafanya upya. (Kuanzia 2025 wameondoa sehemu ya maumbo, kwa hiyo jumla sasa ni 2,700. Msichanganye alama za zamani na za sasa mnapolinganisha. Na mwenye kipato kidogo aombe msamaha wa ada ya mtihani, upo.)

Unaruhusiwa vyuo vinne tu vya udaktari. Vitatu vilinikataa bila hata kuniona. Cha nne kiliniita kwenye usaili Januari, kwa kompyuta, kwa sababu ya corona.

Usaili wao siyo wa kukaa na wazee watatu nyuma ya meza. Ni vituo vifupi vifupi: hapa wanakuuliza swali la maadili, pale unazungumza na mwigizaji anayejifanya rafiki yako aliyekasirika. Mwigizaji wangu alikuwa amepoteza kazi. Nikamwambia kwa Kiingereza nilichozoea, "I'm sorry, I'm so sorry." Msaili akauliza baadaye: kwa nini uliomba radhi mara nyingi hivyo, ulimkosea nini? Nikaduwaa. Kichwani nilikuwa nasema pole. Pole ya mtu aliyejikwaa, aliyefiwa, aliyechoka tu. Kiingereza hakina pole; kina neno moja linalobeba pole na samahani, na ukilirudiarudia unaonekana umekiri kosa. Nilikuwa pia natazama chini. Nimelelewa hivyo, mkubwa akisema unashusha macho. Kwenye skrini ikaonekana kama nasoma mahali. Machi wakanikataa, na maoni waliyonitumia yalikuwa mistari miwili, mmoja wao ukisema sikuonyesha kujiamini.

Nililia jikoni. Mwanangu wa kwanza, miaka 11 wakati ule, akanitengenezea chai bila kuulizwa, akaiweka pembeni, akaondoka. Nikamaliza Access Juni: krediti 42 za Distinction, 3 za Merit.

Na hapa ndipo lile ninalotaka kumwambia dada wa Reading. Usikimbilie Oktoba ile ya kwanza. Wote tunakimbilia, kwa sababu tunahisi umri umetushika shati. Lakini ukiomba ukiwa umemaliza Access, mwalimu amekujua mwaka mzima, alama ziko mkononi, hakuna wa kubashiri, na UCAT umeufanya ukiwa na akili iliyozoea tena kusoma. Unapoteza mwaka mmoja wa kalenda. Mimi niliupoteza hata hivyo, na machozi juu. Waulize tu vyuo vyako masomo yako yawe ya karibuni kiasi gani, maana wengine hawataki pengo refu.

Mwaka wa pili nilifanya mambo mawili tofauti. UCAT nilijiandaa wiki saba, saa moja kila alfajiri baada ya Sala, kwa saa ya jikoni inayolia. Nikapata 2,710. Na barua ya kujieleza nikaiandika upya.

Ile ya kwanza ilikuwa ya kilio. Baba yangu alifia zahanati ya kijijini, Muheza, nikiwa darasa la sita, nikaapa nitakuwa daktari. Ni kweli tupu, lakini mwalimu alipiga mstari chini yake akaandika: "Na wewe umejifunza nini?" Ya pili nikaanza na chai. Kuna wagonjwa wasioweza kumeza vizuri, chai yao hutiwa unga maalumu ikawa nzito kama uji mwepesi. Usiku mmoja, kama saa kumi, nilikuwa namnywesha mzee mmoja, kijiko baada ya kijiko, nikasikia sauti yake imebadilika, kama mtu anayeongea akiwa na maji kooni. Hakukohoa. Nikaacha. Nikamwita muuguzi, asubuhi akaja mtaalamu wa usemi na kumeza, ikaonekana hata chai ile nzito ilikuwa inashuka njia ya mapafu. Niliandika hilo, na nilichosoma baadaye kuhusu kiharusi na kumeza. Herufi 4,000 pamoja na nafasi ndizo tulizopewa. Baba yangu akapata sentensi moja. Nadhani asingechukia. Siku hizi barua hiyo imegawanywa kuwa maswali matatu, ila urefu ni uleule.

Pesa, kwa kifupi, maana mtaniuliza. Access nilikopa, zaidi kidogo ya pauni elfu tatu, na mkopo huo hufutwa ukimaliza digrii. Ada ya udaktari ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka, mkopo wa serikali, na mwaka wa 5 ada inalipwa na NHS, huduma ya afya ya taifa. Haya yote ni kwa mwenye makazi ya kudumu au hadhi ya ukimbizi. Aliye na viza ya kazi au ya masomo hesabu yake ni nyingine kabisa, ada ya kigeni na nafasi chache. Na wenye digrii tayari, hata ya Dodoma au Makerere, mkopo wa ada kwa kozi ya miaka 5 hampati. Tazameni ile ya miaka 4 ya wenye digrii.

Halafu riba. Nyumbani kwangu suala hili lilizungumzwa miezi miwili, mume wangu huku, shemeji zangu huku. Sheria ya kuruhusu mkopo usio na riba kwa wanafunzi ilipita 2017 na mpaka leo mkopo wenyewe sijauona. Nilimuuliza shehe wangu, wewe muulize wako. Sitaki ugomvi kwenye maoni.

Mwaka huo wa pili nilipata usaili mara mbili. Safari hii nilibandika picha ya mama yangu juu ya kamera, nikawa namtazama yeye. Nilijizuia kusema sorry. Mwigizaji akalia, nikanyamaza naye, nikamuuliza, "Ungependa tukae kidogo?" Sijui ndiyo iliyonivusha.

Barua pepe ilikuja Machi 2023, zamu ya usiku, saa kumi na moja kasoro. Mara nyingi hutuma mchana, hii sijui ilichelewa wapi. Nilikuwa kwenye kile chumba cha kutupia mikojo, bakuli la karatasi mkono mmoja, simu mkono wa pili, na simu haziruhusiwi mle. Nikaisoma mara tatu. Nikataka kumpigia mama Tanga, kwao ni saa mbili asubuhi, ameshaamka kitambo. Kengele ikalia, kitanda namba 6. Nikamwaga, nikanawa mikono, nikaenda.