Mawese Kildare Street

Jana jioni nilikuwa nimebandika mawese, dirisha wazi kama kawaida ili kengele ya moshi isituaibishe tena, na binti yangu yuko mezani na kazi ya shule. Somo la uraia. Wameambiwa kila mmoja achague seneta wa hapa Ireland, asome michango yake bungeni, aandike ukurasa mmoja. Yeye kamchagua David Norris, nadhani kwa ajili ya zile ndevu tu. Mara akainua uso kwenye simu.

"Mama, kumbe huyu babu amezaliwa Kongo?"

"Najua."

"Umejuaje?"

Nikamwambia nilijua siku niliyocheka mbele yake. Akadai nimsimulie. Nikamsimulia nusu, maana vibua vilikuwa vinaanza kushika chini ya sufuria. (Ndiyo, vibua. Migebuka nitaitoa wapi huku?) Nusu nyingine hii hapa.

Ilikuwa kiangazi cha 2013. Bibi wa namba 14, jirani yetu mwenye paka, alikuwa bado hai na alikuwa na hasira. Serikali ya waziri mkuu Enda Kenny ilitaka kuifuta Seanad, yaani Seneti yao, na wananchi wangepiga kura ya maoni mwezi wa kumi. Mtaani hoja ilikuwa pesa: kampeni ya kufuta ilidai zitaokolewa euro milioni 20 kwa mwaka. Bibi alilichukulia jambo hilo kana kwamba wanataka kumfuta yeye, na kwa kweli hakukosea sana. Maseneta wako 60. Waziri mkuu anateua 11, wengine 43 wanachaguliwa na wanasiasa wenzao, madiwani wengi wao, na sita tu ndio wa wahitimu wa vyuo vikuu, na wakati ule watatu kati yao walikuwa wa Trinity, chuo kikuu cha Dublin. Bibi alisoma Trinity. Karatasi yake ya kura ilimfuata nyumbani kwa posta, naye akaketi na kalamu akipanga majina kwa namba, moja, mbili, tatu, kama mtu anayepanga wachumba wa mwanawe. Namba moja ilikuwa ya Norris, na ilikuwa hivyo tangu 1987.

Mimi sikuwa na kura ya aina yoyote. Nilikuwa na barua tu, kutoka ofisi fulani ya serikali, inayosema kwamba ombi langu la uraia limepokelewa. Ilikuwa ya tatu kusema hivyo.

"Njoo uwaone kabla hawajafungiwa mlango," Bibi akaniambia.

Siku yenyewe nilitoka zamu ya usiku kwa wazee saa mbili asubuhi. Badala ya kwenda kulala nikapitia Moore Street, nikanunua mawese kwa yule mama wa Kikongo, chupa iliyowahi kuwa ya maji ya matunda, kifuniko kimelegea. Sikujali. Mawese ya Dublin huwa yameganda muda wote, unayachota kwa kijiko. Siku hiyo Dublin ikaamua kuwa Kigoma. Nilipofika Kildare Street, kwenye geti la Leinster House, jumba la bunge, mkoba ulikuwa umeanza kutoa jasho la rangi ya machungwa.

Askari wa mlangoni akauliza ni nini hicho.

"Mafuta."

"Ya gari?"

"Ya kupikia."

Akanusa, akausogeza mkoba pembeni kwa kidole kimoja, akasema mkoba utanisubiri hapo hapo. Nikafuta vidole kwa karatasi pekee niliyokuwa nayo, bahasha ya ile barua. Bibi alikuwa ameshasimama mlangoni na kofia yake, anatazama saa.

Jumba lile lilijengwa miaka ya 1740 kwa ajili ya mwinyi mmoja, Earl wa Kildare, na chumba cha maseneta bado kinanuka umwinyi: dari la plasta iliyofumwa kama kanga, watumishi wa bunge wamevaa rasmi. Nilitegemea umati kama wa Dodoma kwenye televisheni. Viti vingi vilikuwa vitupu. Mwenyekiti, ambaye wenyewe wanamwita Cathaoirleach, neno linalonikwaza ulimi mpaka leo, aliketi mbele kabisa. Waandishi wa kumbukumbu rasmi nao walikuwa kazini. Nikakaa, nikaanza kupigana na usingizi.

Ndipo akasimama.

Siwezi kuwaambia alisema nini. Najua alikuwa anaitetea Seneti isifutwe, basi. Sauti ndiyo iliyobaki. Sauti ya mzee aliyefundisha fasihi miaka mingi na anajua neno lipi likae wapi, nene, haina haraka, inapanda, halafu inakaa juu kidogo ili uisubiri kushuka. Nyumbani tulikuwa na mzee mmoja wa Ujiji, akisimama kwenye baraza watu wanaacha bao. Hata asiyejua kesi ilihusu nini alibaki kusikiliza. Nikasahau usingizi. Nikasahau hata mkoba, ila vidole vilikuwa bado vinanukia, nami kila nikishika shavu nanusa jiko la mama yangu ndani ya jumba la mwinyi.

Bibi akaniinamia sikioni. "Unajua huyu ni mtu wa kwenu? Alizaliwa Kongo, Léopoldville, 1944. Baba yake alikuwa injinia wa Lever, wale wa sabuni."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi ni Mtanzania, na kwamba kutoka Léopoldville, Kinshasa ya sasa, mpaka ziwani kwetu ni Kongo nzima unaivuka. Lakini kichwa kilishatangulia. Sabuni. Kongo. Kigoma nzima inajua sabuni inapikwa kwa nini! Nikatazama vidole vyangu vya rangi ya machungwa. Nikamtazama seneta. Seneta wa Ireland, mhadhiri wa Trinity, sauti ya dhahabu, kafikishwa duniani na mawese.

Kicheko kikanitoka.

Si kicheko kidogo. Kilikuwa kile cha kukoroma, cha mtu ambaye hajalala saa ishirini. Na kikatoka mahali pabaya kabisa, pale sauti yake ilipokuwa imekaa juu inasubiriwa. Mtumishi mmoja akanigeukia taratibu, kwa yale macho ya shemasi kanisani. Bibi akaanza kutafuta kitu kwenye pochi ambayo haikuwa na kitu. Naye seneta akanyamaza. Kidogo tu. Mpaka leo sijui kama alisikia au alikuwa anavuta pumzi. Kisha sauti ikashuka pale pale ilipokusudiwa kushukia, akaendelea.

Mengine yalikwenda mbio. Mkoba nikaurudishiwa umefungwa ndani ya mifuko miwili. Bibi hakusema neno mpaka darajani, halafu akacheka yeye, akacheka mpaka akashika ukuta. Oktoba 4 watu wakapiga kura, na asilimia 51.7 wakakataa kuifuta Seneti. Bibi akanywa sheri. Barua ya nne ikaja baadaye, na hiyo ndiyo iliyosema ndiyo.

Nikaanza kumsoma yule mzee, kwa aibu zaidi kuliko kwa udadisi. Nikakuta mambo ambayo kwetu mtu huyataja kwa sauti ya chini. Alikuwa ameishtaki nchi yake kwa sheria zilizowafanya wanaume kama yeye, wanaopenda wanaume wenzao, kuwa wahalifu, sheria za Mwingereza za 1861 na 1885. Sisi nasi Mwingereza alituachia za ukoo huo huo, nasi tumezitunza. Wakili wake alikuwa Mary Robinson, ambaye alikuja kuwa rais. Kwenye Mahakama Kuu ya Ireland wakashindwa, kwenye Mahakama ya Juu 1983 wakashindwa, majaji watatu kwa wawili. Strasbourg, kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, 1988 akashinda. Na sheria ikabadilishwa 1993, yeye akiwa seneta na mswada ukipita mbele yake.

Hapo ndipo mimi na Bibi tuligombana, ugomvi wa chai, wa miezi. Yeye alisema ni maneno. Kwamba mtu akisimama mwaka baada ya mwaka kwenye chumba kile na kusema jambo lile lile, nchi inachoka kujifanya haisikii. Mimi nilisema ni mahakama. Seneti yenyewe ikipinga mswada wa kawaida inauchelewesha siku 90 tu, na wa fedha siku 21, sasa hiyo ni nguvu gani? Ombi langu limecheleweshwa na karani kuliko Seneti yote inavyoweza kuchelewesha sheria. Akasema, "Karani huyo, ulimwona anasimama kujieleza?" Sikuwa na jibu. Amekufa bado sina.

Na nikasoma ya Lever. Kwamba Wabelgiji walimpa misitu ya michikichi 1911, kwamba watu walilazimishwa kukwea michikichi ile mirefu ya mawese kuangua mikungu, kwamba Wapende, kabila la huko Kongo, waliasi 1931 wakauawa wengi. Babu yangu alitoka ng'ambo ya ziwa, alivuka kwa mtumbwi akija Kigoma, na hakuwahi kutuambia alikuwa anakimbia nini. Kile kicheko kilipungua utamu kidogo. Kidogo, si chote. Mtoto aliyezaliwa kule, akafiwa na baba angali mdogo, hakumpandisha mtu mchikichi wowote.

Norris alistaafu Januari 2024, miaka 36 na ushee ndani ya chumba kile. Michango yake yote ipo kwenye kumbukumbu rasmi, unaandika jina tu inajipanga, mwaka chini ya mwaka. Binti yangu alikuwa anaivuta kwa kidole gumba.

"Ilikuwa tarehe ngapi, Mama?"

"Sikumbuki."

"Alikuwa anasema nini?"

"Hilo nalo sikumbuki."

Akanitazama kama yule mtumishi wa bunge. Akaendelea kuvuta, halafu akasimama. "Hapa wameandika kwenye mabano kwamba alikatizwa. Labda ndiyo wewe?"

Nikamwambia hao ni maseneta wenyewe kwa wenyewe, kicheko cha mgeni hakiandikwi. Akasema hata hivyo ataandika kuwa ni mama yake. Nikamwambia asithubutu. Nadhani ameandika.