Maji Matamu Ndani ya Ngama

Mei 2017, siku za bamvua ya mwezi mpevu, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, mjomba alinipigia simu alfajiri. "Twende leo. Bamvua ikipita, tumbo la chombo hatutaliona tena."

Katamarani niliyotaka kuinunua, chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili, ilikuwa imefungwa ndani ya mto wa Kilifi, mahali penye mchanga mgumu. Huku kwetu maji ya bamvua hupwa zaidi ya mita 3, na kufikia saa nne asubuhi ilikuwa imekaa kavu kabisa. Mwenyewe alikuwa mgeni anayerudi kwao, akitaka shilingi 900,000. Fedha hizo nilizikusanya kwa miaka sita, na chombo nilikuwa nimekipenda kabla sijakigusa. Mjomba alilijua hilo. Ndiyo maana alikuja.

Ilikuwa Tiki 26, ramani ya James Wharram, Mwingereza aliyevuka Atlantiki miaka ya 1950 kwa katamarani aliyoijenga kwa mikono yake. Mitumbwi miwili ya plaiwudi iliyopakwa gundi ya epoksi, na boriti tatu zinazoiunganisha zimefungwa kwa kamba, hazikupigwa bolti. Mjomba alipoziona kamba zile akasimama. Amejenga ngalawa tangu ujana wake, na mirengu ya ngalawa, zile mbao za pembeni zinazoizuia kupinduka, nayo hufungwa kwa kamba, ipate kucheza na wimbi badala ya kuvunjika. Akazipapasa moja moja. "Huyu mtu aliielewa bahari," akasema.

Lakini hakutabasamu. Akaniita kwa mbele, tukachuchumaa. "Tazama mstari wa mwani." Kwenye mtumbwi wa kushoto ulikuwa chini ya rangi nyekundu. Kwenye wa kulia ulikuwa umepanda vidole viwili juu zaidi; mtumbwi huo ulizama zaidi majini. Mimi nilikuwa nimefika pale mara tatu na sikuuona.

Akaanza kugonga kwa mpini wa bisibisi, shibiri kwa shibiri, kutoka omo, mbele, hadi tezi, nyuma. Ko, ko, ko. Mbao nzima hujibu hivyo. Karibu na mlango wa sitaha wa kulia sauti ikabadilika, ikawa bu, kama kugonga papai. Akaingia ndani na mimi nikamfuata. Harufu ya ukungu ilitupokea. Chini, kwenye ngama, pale sakafuni maji yanapokusanyika, maji yalikuwa yamefika kifundo cha mguu.

Mjomba akachovya kidole, akakitia mdomoni.

Nilidhani angetema. Akanyamaza, kisha akasema, "Onja."

Nikaonja. Yalikuwa matamu.

"Maji ya mvua haya, mwanangu. Chini hakuvuji. Yangekuwa ya chumvi ningelala usingizi, maana chumvi huchelewesha mbao kuoza. Haya matamu ndiyo yanayozila. Masika yote yamekuwa yakiingia juu, na hakuna aliyefungua mlango hewa ipite."

Alichokoa chini ya kile kizingiti cha mlango, bisibisi ikazama hadi shinani. Plaiwudi ikatoka vipande vyeusi, laini kama mkate uliolowa. Tulikuta uozo mwingine kwenye boriti ya kati, chini ya shina la mlingoti, na huo ndio ulioniumiza, kwa sababu pale ndipo uzito wote wa tanga unapoegemea. Waya mmoja wa mlingoti nao ulikuwa umekatika nyuzi mbili palipo na kifundo chake cha chuma. Mengine, rangi, turubai, injini iliyogoma kuwaka, mjomba aliyapita haraka. Hayo hununuliwa dukani, alisema.

Kwa mwenyewe alizungumza kwa heshima, bila kukidharau chombo hata kwa neno moja. Alimpeleka kwa mkono, akamwonyesha kila mahali, akamwambia boriti mpya ni kazi ya wiki ngapi na mbao kiasi gani. Yule bwana alisikiliza, machozi yakamlengalenga. Alikuwa amekijenga yeye. Tukakubaliana 560,000.

Maji yalikuwa yameanza kujaa. Nikaingia tena na dumu lililokatwa, nikaanza kufua, kuyachota maji na kuyamwaga nje. Kabla sijamaliza, mtumbwi wa kushoto ulinyanyuka na kuelea, wa kulia ukabaki umeshika mchanga. Mjomba, akiwa nje na maji yamemfika kiunoni, akaweka kiganja ubavuni mwa mtumbwi huo. "Fua," akaniambia. "Bado mzito."