Hita ya Gesi Njombe

Julai 2015 nilikuwa msaidizi wa fundi bomba mmoja mzee mjini Njombe, mtu aliyekuwa amefunga mifumo ya gesi katika hoteli za Dar es Salaam kwa miaka mingi kabla ya kurudi kwao. Kazi ya siku zile ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya kufunga hita ya maji katika nyumba ndogo ya wageni. Wakati wa kipupwe Njombe kuna asubuhi ambazo nyasi hukutwa zimeganda, na mgeni aliyeogeshwa maji ya baridi siku kama hizo harudi tena. Mama mwenye nyumba alilijua hilo vizuri kuliko sisi.

Vifaa alikuwa amekwisha kuvinunua: hita ya kutundika ukutani, yenye uwezo wa kutoa lita 10 za maji ya moto kwa dakika, mtungi mmoja wa kilo 15, mpira mrefu wa jiko la gesi na koki ya gurudumu ya kufungia maji. Alitaka hita ikae ndani ya bafu ili maji yasipoe njiani. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akaanza kukataa kitu kimoja baada ya kingine kwa upole ambao, nadhani, ulimuudhi mama kuliko kama angefoka. Koki ile ilitengenezwa kwa ajili ya maji, na gesi ingeweza kupenya kwenye shina lake. Tulihitaji koki ya gesi yenye mpini wa manjano, inayofunga kwa robo mzunguko. Mpira nao unafaa kuunganisha jiko lililo karibu na mtungi, lakini haupitishwi ukutani, mahali ambapo ukichakaa au ukitafunwa na panya hakuna atakayeona.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa bafu.

"Fundi, kwa dada yangu imewekwa bafuni na hakuna aliyekufa."

"Mama, kwa dada yako dirisha la bafu hufungwa?"

"Baridi hii nani ataliacha wazi?"

"Basi mimi siiweki."

Alimweleza kwamba mwali hula hewa ileile anayoivuta mtu anayeoga, na hewa inapopungua mwali hutoa sumu ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlegeza mtu kabla hajapata wazo la kutoka. Hatimaye hita ilitundikwa kwenye ukuta wa nje, chini ya paa la baraza, mbali na madirisha ya vyumba.

Kuhusu mtungi, fundi alipiga hesabu akiwa amechuchumaa. Hita ya ukubwa ule, ikifunguliwa hadi mwisho, hula takriban kilo moja na nusu ya gesi kwa saa, na gesi iliyo mtungini ni kimiminika kinachohitaji joto ili kigeuke mvuke. Butani, ambayo ni sehemu ya mchanganyiko wa gesi ya mitungini, huacha kuchemka karibu na nyuzi sifuri za Selsiasi, kwa hiyo mtungi mdogo katika alfajiri ya Njombe ungeganda ubavuni na mwali ungedhoofu huku gesi ikiwa bado imo. Aliomba mitungi miwili ya kilo 38, isimame wima nje, juu ya jukwaa la zege. Mahali alipopachagua mama palikuwa kando ya mfereji wa maji machafu, na hapo pia alikataa, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya shimoni, ikingoja cheche.

Bomba zenyewe, za chuma za nusu inchi, tulizikata na kuzipiga thredi, ile mikato ya mzunguko ya kukazia viungo, siku iliyotangulia. Kila kiungo kilifungwa tepu ya manjano, iliyo nene kuliko ile nyeupe ya maji, na bomba likashikizwa ukutani kwa klipu ili lisining'inie kwenye viungo vyake. Koki ilikaa mahali mkono wa mtu mzima unapofika bila kunyoosha, na baada yake tukaweka yunioni, kiungo kinachofunguka kwa spana, ili siku moja hita iweze kutolewa bila kukata kitu.

Kisha likaja jaribio, ambalo ndilo lililoifanya siku ile iwe ndefu. Bomba la gesi halijaribiwi kwa gesi. Tuliitenga hita, kwa kuwa vali iliyo ndani yake ni dhaifu na msukumo wa jaribio ungeiharibu, tukaziba ncha zote mbili kwa plagi, tukafunga geji ya kupimia msukumo na kujaza hewa kwa pampu ya baiskeli hadi 0.2 bar. Ukungu ulikuwa bado umetanda. Baada ya muda jua likatoka na kuupiga ukuta ule, na mshale wa geji ukapanda.

Mdogo wake mama akafurahi. "Umepanda, maana yake haivuji. Washeni, watu waoge."

Fundi alitikisa kichwa. Hewa iliyofungiwa ikipata joto la nyuzi 10 tu zaidi, mshale mdogo kama ule husogea waziwazi, na kupanda huko kunaweza kuficha uvujaji kabisa. Tukasubiri. Mama alipita mara kwa mara akiuliza kama tunalipwa kwa kukaa. Swali la haki, ingawa halikujibiwa. Alasiri, kivuli kilipokuwa kimeufunika ukuta na chuma kimepoa, tulijaza upya hadi alama ileile na kutazama. Mshale ulishuka, polepole mno, lakini haukusimama.

Tulipaka maji ya sabuni kiungo kwa kiungo. Mapovu, madogo kama mbegu za ulezi, yalitokea kwenye elbo ya kona, na hayakutoka kwenye thredi bali kwenye mwili wa elbo yenyewe, iliyokuwa na kitundu tangu kiwandani. Tepu ya aina yoyote isingesaidia hapo. Tuliibadilisha, tukajaza hewa tena, na safari hii mshale ulitulia. Ndipo tulipounganisha hita na mitungi, tukafungua gesi na kupaka sabuni viungo vya mwisho, ambavyo jaribio la hewa halikuwa limevigusa. Mwali ulishika wa bluu, bila ncha za njano.

Mama alitaka kutulipa tuondoke, lakini fundi aliuliza mlinzi wa usiku anaingia saa ngapi, kwa sababu saa nane za usiku huyo ndiye angekuwa macho. Tulimngoja. Alipofika alifundishwa kwamba mpini ukilala sambamba na bomba gesi inapita, ukikingama imefungwa. Na kwamba akisikia harufu afunge koki na mitungi, aamshe watu, wala asiguse swichi ya taa. Fundi alimfanya aifunge na kuifungua gizani, bila tochi, hadi akaipata bila kupapasa, ndipo tukaanza kukusanya spana zetu.