Siku kisamvu kilipotoa mwanga mwekundu

Nafundisha biolojia Newala, huku juu kwenye uwanda wa Wamakonde. Miaka yote niliandika ubaoni kwamba umbijani (klorofili, ile rangi ya kijani ya majani) hufyonza mwanga wa buluu na mwekundu, ule wa kijani hurudi machoni petu. Wanafunzi wananakili, tunaendelea. Mwaka huu binti mmoja wa kidato cha tatu akanyoosha mkono: "Mwalimu, huo uliofyonzwa unakwenda wapi?" Nikasema unatumika kwenye usanisinuru, yaani jani kujitengenezea chakula kwa mwanga. "Wote?"

Swali lile lilinikaa kichwani. Nilijua sio wote, nikataka aone mwenyewe.

Kwa wakala wa pesa jirani na shule niliazima taa ya kukagulia noti, ile ya mwanga wa zambarau. Nikachemsha kisamvu, nikamulika maji yake. Hakuna kitu. Umbijani hauyeyuki kwenye maji, na mimi ndiye ninayelifundisha hilo.

Safari ya pili tulitwanga kisamvu nje, chini ya mkorosho, maana kikiwa kibichi kina sumu na spiriti nayo harufu yake ni kali, tena hushika moto upesi. Tukamimina spiriti ya duka la dawa, tukachuja kwa kitambaa cha tui, tukafunga chupa kwa kifuniko. Darasani tukaziba madirisha kwa kanga. Nikawasha taa. Ukatokea utepe mwembamba mwekundu upande wa taa tu, kwingine giza.

Hapo nilikwama kidogo. Halafu nikaelewa: umbijani ulikuwa mwingi mno. Mwanga wa zambarau ulikuwa unamezwa hapo hapo unapoingia, na wekundu unaotoka ndani unafyonzwa tena kabla haujatufikia. Nikapunguza, nikaongeza spiriti kidogo kidogo hadi chupa ikawa na rangi ya kijani kilichopauka.

Nikamulika tena. Chupa nzima ikawaka nyekundu.

"Mwalimu, damu!" akasema mmoja kwa nyuma. Nilipozima, kijani kikarudi.

Mwanasayansi Mskoti David Brewster alieleza wekundu huu mwaka 1834, naye alikuwa ameloweka majani kwenye alkoholi. Nilimtaja kwa haraka, kwa sababu yule binti alikwisha chukua jani zima la muhogo na kulimulika. Lilibaki jeusi-jeusi, na wekundu wa mbali sana. Akanitazama. Jibu lake lilikuwa mkononi mwake: kwenye jani zima umbijani umepangwa ili nishati ipokelewe na kupelekwa kazini; nyingine hupotea kama joto, na katika kila sehemu 100 za mwanga uliofyonzwa, 1 au 2 tu hurudi nje zikiwa wekundu. Kinu na spiriti vilivunja mpangilio ule, nishati ikakosa pa kwenda.

Mwenzake alileta majani machanga ya mkorosho, yale mekundu, akidhani yatawaka zaidi. Tuliyatwanga kwa maji. Rangi ikatoka, taa haikuibadilisha. Wekundu ule ni antosianini, rangi nyingine kabisa ya mmea, kivuli cha jani changa dhidi ya jua kali. Kipindi kilichofuata chote kiliishia hapo.

Jioni nilirudisha taa. Wakala akaiona chupa. "Mwalimu, na mimi nionyeshe." Tukashusha pazia la kibanda, nikamwachia amulike mwenyewe.