Wiki ya mwisho ya likizo ya Agosti

Leo nimeelea. Ni muda wa kuhesabu moja hadi kumi tu, lakini nimelala chali juu ya maji, masikio yakiwa ndani, nikaisikia pumzi yangu kana kwamba ni ya mtu mwingine aliye karibu nami. Kocha alikuwa ameniwekea kiganja mgongoni. Nilipomuuliza, "Kocha, bado umenishika?" sauti yake ilitoka mbali, kwenye ngazi. Alikuwa ameniachilia kitambo.

Nina miaka 41. Nimezaliwa Kisumu, nimesomea Kisumu, na ukisimama mlangoni kwa Mama jioni unaliona ziwa likimeta hadi jua litue. Lakini ni mwezi huu ndio nimeanza kujifunza kuogelea.

Wageni hudhani mtu wa ziwani huyajua maji tangu utotoni. Ukweli ni kwamba wengi wetu, hasa wasichana, tulifunzwa neno moja tu kuhusu ziwa: usiingie. Na neno hilo lilikuwa na sababu. Kuna viboko. Kuna gugumaji, ambalo upepo ukigeuka huziba ufuo ambao jana ulikuwa peupe. Kuna kichocho: vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa majini vikapenya ngozi bila mtu kuhisi lolote, kisha baada ya muda mtoto anaanza kulalamika tumbo, na choo kina damu.

Kwetu kulikuwa na sababu nyingine ambayo haikutajwa. Mjomba wangu alikuwa mvuvi. Mtumbwi wao ulipinduka usiku walipokuwa wakivua omena. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka mingi. Aliujua upepo, aliijua nyavu, alijua kwa harufu kama mvua inakuja. Kuogelea hakujua. Nilikuwa darasa la tano. Tangu hapo Mama hakuturuhusu hata kuloweka miguu kwenye ufuo wa Dunga, na sisi hatukuuliza.

Kwa hiyo shule zilipofungwa, na watoto wa dada yangu wakaja kwetu kwa likizo, nilisema safari hii hawatarudi nyumbani bila kujua maji. Nikawapeleka kwenye kidimbwi cha hoteli moja mjini. Siku ya kwanza nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikiwalindia mabegi. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mpwa wangu mdogo, ana miaka saba, alikuja akitiririka maji akaniuliza, "Anti, wewe ukianguka humu nani atakutoa?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nilinunua vazi la kuogelea.

Sisi watatu tunalipa shilingi 700 kila tukienda, na kocha ni pesa zake kando. Naandika hesabu hii kwa sababu inaniuma. Nje ya lango hilo huwa kuna watoto wa mtaa wa jirani wanaochungulia kupitia ua, wanasikia wenzao wakipiga kelele ndani, kisha wanashuka zao ziwani, kwenye maji yale yale tuliyokatazwa. Binamu yangu anaishi New York. Nilipomsimulia aliniambia kwamba vidimbwi vya jiji lao vya nje havina kiingilio, unachotakiwa kuja nacho ni vazi la kuogelea na kufuli ya kufungia kabati lako. Mwaka wa 1936, watu wakiwa hawana kazi wala pesa, jiji hilo lilifungua vidimbwi vikubwa 11 katika kiangazi kimoja. Sasa hivi, anasema, watu wanayawahi maji ya mwisho, maana mapema Septemba vitafungwa hadi mwaka ujao, baridi inakuja. Sisi hapa karibu na ikweta hatuna baridi ya kutufungia kidimbwi. Tungeweza kuogelea Januari hadi Desemba. Ningependa sana kaunti ijenge kimoja, hata cha mita 25, chenye mwokoaji na kina kifupi cha kutosha watoto, na mtoto wa mvuvi aingie bure. Nimelifikiria jambo hili mwezi mzima na sioni kama ni anasa.

Kocha wetu ni kijana mpole ambaye hapandishi sauti. Ana sheria moja asiyoilegeza: hakuna anayeingia kabla ya kuoga. Nilidhani ni adabu tu, hadi aliponieleza kwamba ile harufu kali inayochoma macho haitokani na klorini peke yake, bali na klorini iliyokutana na jasho na mkojo. Kidimbwi kisafi hakinuki sana. Watoto wakipumzika huwasimulia habari za Jason Dunford, Mkenya aliyeogelea mita 100 kwa mtindo wa kipepeo kwa sekunde 51.14 kwenye mchujo wa Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, na kwa muda mfupi rekodi ya Olimpiki ikawa yetu. Mpwa wangu mkubwa sasa anahesabu sekunde zake kwa sauti, hata akiwa bafuni.

Leo kidimbwi kilijaa mno. Muhula wa tatu unaanza wiki hii, na kila mzazi alikuwa amekumbuka ahadi aliyoitoa mwanzoni mwa likizo. Kulikuwa na mipira, maboya, mtoto mmoja analia hataki kutoka. Nilielea katikati ya zogo lote hilo, na sikusikia hata kidogo. Wapwa wangu wanaondoka kesho kwa basi la asubuhi. Mimi nitarudi Jumatano saa kumi na mbili na nusu, kabla ya kazi, na Kocha amesema tutaanza kusogea upande wa kina kirefu, tukishika ukingo.

Mama hajawahi kuja kutuona. Lakini kila jioni tukirudi huniuliza swali moja, bila kunitazama: "Maji yalikufika wapi?" Nami humwonyesha kwa mkono. Magotini. Kiunoni. Wiki iliyopita, kifuani, akaacha kuchambua mboga kwa muda.

Leo nimemwambia, "Masikioni, Mama. Nililala juu yake."

Alinyamaza. Kisha akaichukua taulo yangu mkononi, akaikamua tena ingawa nilikuwa nimeshaikamua, akatoka nayo nje kuianika.